Maziwa ya Joka

Nikiwa na miaka minane, kule nje ya Griftu, niliamini, wallahi, kwamba jirani yetu alifuga majoka. Usinicheke. Leo kuna watu wazima wenye digrii wanaoamini matangazo ya kazi.

Sababu ilikuwa moshi. Kila asubuhi Bibi Habiba, mjane, alifukiza dhiil yake, chombo cha kusukwa cha maziwa, kama mama zetu walivyofukiza zao kuzisafisha. Lakini ukame ulikuwa umemaliza ngamia wake wote.

"Hana hata mbuzi," alisema ayeeyo, nyanya yetu. "Sasa anakama nini, kama si majoka? Mchawi huyo. Msisogee!"

Mwaka huo mama pia alikauka maziwa, na mdogo wetu mchanga akawa analia bila sauti. Dada yangu Hodan, wa miaka kumi, akanivuta shati.

"Twende tukaibe maziwa ya joka."

"Tukiliwa?"

"Wewe mifupa mitupu. Litakutema."

Bibi Habiba alitufumania nyumbani kwake tumeikumbatia dhiil. Ilikuwa tupu, inanukia moshi tu.

"Bibi, majoka wako wapi?" Hodan akauliza, na ule mdomo wake.

"Ningekuwa nao ningewachunga." Hakucheka. "Nafukiza kwa sababu Mungu akinipa ngamia kesho, asikute chombo changu kinanuka. Nyinyi mnamtafutia nani maziwa?"

Tukamwambia.

"Basi ichukueni, mwende kisimani. Wachungaji wanaijua dhiil hii. Zamani walishiba kwayo."

Wakaijaza. Mtoto alikunywa, akalala. Hodan akairudisha dhiil, nami nikabaki na mama aliyeuliza maziwa yametoka wapi. Ningeweza kusema kweli. Nilitaka kuwa shujaa.

"Tumemwibia mchawi! Ni ya joka!"

Ayeeyo akapiga "Audhubillahi!" hadi mwisho wa kijiji. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimia Bibi Habiba. Hata zamu ya maji walimruka. Mwezi haukuisha akahama kuelekea Bute, kwa miguu, peke yake.

Sasa natarmac Garissa nikitafuta kazi, digrii kwenye bahasha, na watu wakiniona wanakumbuka ghafla wana safari. Hodan yuko ng'ambo. Juzi nilimpigia nikamuuliza kama anamkumbuka yule bibi.

"Namkumbuka," akasema. "Na nakumbuka nani alisema."

Yule mdogo wetu mchanga ana ndevu leo. Mimi natamani kumwona Bibi Habiba kuliko kupata kazi yoyote. Sitaki anisamehe. Nataka siku moja tu, kisimani, watu wamejaa, nimwamkie kwa jina lake, kwa sauti.