Jiwe la Kukhu Kwenye Mfuko wa Mjomba

Asubuhi za Kiminini, jikoni kwa Kukhu, kulinukia unga wa wimbi uliosagwa kwa mkono. Kukhu ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mamake mama, aliyenilea. Alipiga magoti mbele ya jiwe pana, akalisukuma jiwe dogo juu yake mbele na nyuma, na mkwaruzo huo ndio ulioniamsha. Mawe hayo mawili alikuja nayo kutoka kwao Chwele, upande wa Bungoma, alipoolewa. Unga wa mashine aliwaachia wenye haraka zao.

Nilipokuwa na miaka tisa, likizo ya Agosti, Mjomba Wanjala, kitinda mimba wa Kukhu, alikuja kutoka chuo kikuu na nyundo na mifuko mingi ya kitambaa. Alisomea mawe. Alinieleza kwamba ardhi ya upande wa Bungoma ni kipande cha bara kongwe mno, na kwamba ya kwetu iliungana nacho baadaye sana. Akisaga jiwe na kupima kilichomo, aliweza kujua liliyeyuka katika kina gani na bara lilijengekaje, kama mtu anavyoonja mchuzi akajua kilichotiwa. Alitafuta mpaka wa ardhi hizo mbili. Kila mfuko aliuandika kwa kalamu nene mahali alipotoa jiwe. Usiamini ngozi ya jiwe, aliniambia, ukweli uko ndani, ni kulipasua tu.

Basi nikalipasua. Kukhu alikuwa kanisani, Mjomba ameenda kuoga mtoni, na mimi, kwa ujuaji wangu, nikaligonga lile jiwe dogo la kusagia kwa nyundo yake mpaka likavunjika. Ndani lilikuwa jeupe, linametameta, na kwa muda mfupi nilifurahi kweli. Kisha nikasikia sauti ya Kukhu barabarani. Vipande vyenye uso laini nilivitupa chooni. Vile vya ndani nilivisukuma kwenye mfuko ulioandikwa Kiminini, maana jiwe kati ya mawe nani angeliona?

Kukhu alilitafuta wiki nzima. "Hiyo jiwe mama yangu alinipatia," alisema, "kwani imepata miguu?" Nami nilitafuta pamoja naye, nikiinama hadi chini ya kitanda, mnafiki mkubwa. Hakusaga tena. Lile jiwe pana lilitolewa nje, likawa la kukalia mlangoni.

Huko chuoni, Mjomba alichagua kipande kizuri kuliko vyote katika ule mfuko. Majibu yakaonyesha mawe ya bara kongwe, hapa kwetu, mahali yasipostahili kuwa. Walimu wake wakasema alichanganya mifuko. Yeye, aliyeandika kila mfuko kwa mkono wake, akakataa kuliondoa jiwe lile kwenye kazi yake. Akarudi kuugonga gonga mwamba wa nyuma ya shamba letu, alikojazia mfuko ule, likizo baada ya likizo, asipate lingine kama lile. Mwishowe aliacha masomo bila shahada, akafungua duka la mbegu Kitale. Kukhu alikufa bila kujua.

Desemba iliyopita Mjomba alikuja kututembelea. Hata sasa, mvi kichwa kizima, nyundo haimtoki. Aliketi mlangoni juu ya lile jiwe pana kuvua gambuti zenye matope, na nikaona siwezi tena. Nilimweleza yote, nikilia. Aliinuka, akamwagia maji jiwe alilokuwa amelikalia, akapiga magoti kama mamake na kulitazama kwa kioo chake kidogo cha kukuzia, muda mrefu.

"Kumbe miaka hii yote nimekuwa nikivulia viatu juu ya bara kongwe," akasema.

Nikamwambia nilikuwa mtoto, nilikuwa na miaka tisa tu.

"Ya tisa naelewa," akajibu, bila hasira. "Na ukiwa ishirini? Na thelathini?"

Nilimshikia gambuti zake mikononi, nikaanza kuzifuta matope.