Maziwa Aliyoyakataa Shangazi

Nilipokuwa mtoto pale Niboye, mtaa wa Kigali, salamu tamu kuliko zote kwa mwanamke ilikuwa kumwambia kwamba amenenepa. Wageni waliisema mlangoni hata kabla ya kukaa, na mama yangu alitabasamu kama mtu aliyeletewa kitenge kipya. Kukonda lilikuwa jambo la kuulizia kwa sauti ya chini. Miaka ile ya mwanzo wa tisini kulikuwa na ugonjwa ambao watu hawakupenda kuutaja, na mtu akipungua kidogo majirani walianza kumkagua shingo na mashavu. Wenye huruma walisema amerogwa. Kurogwa kulikuwa na nafuu, maana kuna dawa za kutapisha.

Katika hali hiyo ndipo Shangazi Godeliva, mdogo wake baba, alipoamua kukonda kwa makusudi.

Alikuwa akiishi kwetu na tulilala chumba kimoja. Alipiga taipu katika ofisi moja ya Kimihurura, mahali ambapo wake za wakubwa na wageni walipita wakiwa na viuno vyembamba na suruali zilizowakaa sawasawa. Shangazi alikuwa mnene, mwenye mapaja ya kujaa na shingo yenye mikunjo, na kwa macho yetu alikuwa mzuri kupita wote. Tayari alikuwa amechumbiwa na Vianney, mwalimu wa sekondari. Siku moja akarudi kutoka sokoni na suti ya buluu ya caguwa, nguo iliyovaliwa Ulaya kabla ya kutufikia sisi. Alitaka kuivaa siku ya kufunga ndoa ya serikali. Zipu ilifika nusu ikagoma. Nilimsaidia kuvuta mpaka vidole vikaniuma, kisha akaketi kitandani akacheka, lakini kesho yake hakunywa chai.

Akasema yuko kwenye rejimu, yaani anajinyima chakula ili apungue. Asubuhi alikunywa maji ya moto yenye ndimu, jioni akatoka kazini kwa miguu huku mabasi yakimpita. Baba aliona ni mambo ya wasichana wa ofisini. Mama nilimwona akiishika ile suti, akiigeuza huku na huku, akiirudisha polepole.

Bibi yetu, tuliyemwita Nyogokuru, aliishi Ndera na alikuwa na ng'ombe wake mmoja. Harusi ilipokaribia alikuja kukaa nasi ili amnyweshe bi harusi maziwa, kama alivyonyweshwa yeye, mpaka ngozi ing'ae na mwili ujae. Alipomkuta binti yake na mifupa ya mabega imeanza kuonekana, alisimama mlangoni akasahau hata kusalimia. Neno rejimu alilijua kwa wagonjwa wa moyo tu, wale wanaonyimwa chumvi. Akauliza daktari gani amemwandikia.

Siku kadhaa walivutana kwa adabu. Nyogokuru alimimina maziwa, Shangazi akaonja akaweka chini. Mwishowe, jioni moja tukiwa jikoni, Nyogokuru alikiinua kile kikombe kilichoachwa, akakitazama, akasema taratibu bila hasira:

"Goda, maziwa unayoyakataa leo yatakukataa na wewe. Siku utakapompakata mtoto utayatafuta kifuani mwako, na hutayapata."

Shangazi alijibu kwamba hayo ni maneno ya zamani. Lakini mkono wake ulikwenda kifuani, nikauona. Mimi niliogopa kuliko yeye. Tangu jioni ile nilikunywa maziwa yangu mpaka tone la mwisho, nikiwa na miaka tisa na kifua bapa kama ubao.

Halafu habari zikafika kwa mama yake Vianney. Alikuja na dada yake, wakakaa sebuleni, wakaongea mvua na bei ya maharage, na muda wote macho yao yalikuwa kwenye mikono ya Shangazi. Walipokuwa wanaondoka mama huyo alimvuta Nyogokuru pembeni akamuuliza kama msichana ni mzima. Nyogokuru, aliyekuwa amemgombeza binti yake wiki nzima, alinyoosha mgongo akajibu kwamba kwao hakuna mgonjwa, na kama wanataka ng'ombe wao wa mahari warudi nyumbani, njia wanaijua. Kisha akaingia chumbani kwetu, akakaa kwenye kitanda changu, akaniuliza kama Shangazi hukohoa usiku.

Vianney hakurudi nyuma. Harusi ilifanyika, suti ya buluu ikafungika, na katika picha Shangazi amesimama wima kama wale wanawake wa Kimihurura. Wageni walikula wakanywa, na walinong'ona.

Mwaka uliofuata alijifungua msichana, na maziwa hayakutoka. Yalikuwa matone machache. Mtoto alinyonya, akalia, akalala kwa kuchoka, akaamka kulia tena. Shangazi alikunywa uji wa mtama mpaka tumbo likamjaa, akanywa mtindi, akala kila alichopewa, akanenepa kuliko alivyokuwa usichanani. Haikusaidia. Wauguzi walimwambia hutokea, wakamshauri maziwa ya kopo. Yeye alishaijua sababu yake. Tulipokwenda kumtembelea nilimsikia akimwambia mama kwamba amemlaani mtoto wake kwa ajili ya sketi ya suti.

Nyogokuru alipopata habari alikuja kutoka Ndera na maziwa ya ng'ombe wake. Shangazi alipiga magoti mbele yake na mtoto mkononi, akaomba amwondolee yale maneno. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikikunja nepi, hakuna aliyekumbuka kunitoa nje.

Nyogokuru alimchukua mtoto kwanza. Akamtazama muda mrefu.

"Mimi niliolewa nikiwa mnene mpaka watu walikuja kunitazama," akasema. "Na kaka yako mkubwa hakupata kwangu hata tone la kumshibisha. Alinyonyeshwa na wifi yangu."

Shangazi alimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia.

"Niliona aibu. Mama mkwe alisema niliacha maziwa kwenye kibuyu yakaharibika, ndiyo maana. Nikaamini. Wewe nimekupa nilichopewa."

Kisha Nyogokuru akaomba maji yachemshwe, akayachanganya na maziwa aliyokuja nayo, akamnywesha mjukuu wake kwa kijiko, kidogo kidogo, na mtoto akaacha kulia.

Baada ya mauaji yaliyoanza Aprili ya 1994 hatukumwona tena Nyogokuru. Sisi tuliobaki, Shangazi na mtoto wake wakiwemo, tulikonda sote mwaka ule, na hakuna aliyeuita huo uzuri wala ugonjwa.

Nimefikiri sana kuhusu yale maneno ya jikoni. Zamani niliyaona kama utabiri uliotimia, baadaye nikayaona kama ujinga wa wazee. Sasa nadhani Nyogokuru alikuwa anaogopa tu. Aliona binti yake anapungua katika mji ambao waliopungua walikuwa wanazikwa, na hakuwa na njia ya kusema naogopa, kwa hiyo akasema lile lililomtisha yeye mwenyewe ujanani.

Siku hizi Kigali bi harusi hukonda kwanza ndipo apimwe gauni. Binti yangu hukimbia alfajiri na jioni husukuma wali pembeni ya sahani, na watu humsifu kwa hilo kama walivyomsifu mama yangu kwa kunenepa. Nikimtazama maneno ya kumtisha hunijia mdomoni, yenye sauti ya wanawake wengi. Nayameza. Navuta kiti, nakaa karibu naye, namuuliza siku yake ilikuwaje, na kama ana jambo linalomsumbua.