Kabichi za Dimbwini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuyakata magugu maji kwa panga. Niliingia dimbwini alfajiri nisionekane, nikafyeka robo nzima, nikatoka na ruba miguuni na majivuno kichwani. Vipande niliviacha vikielea, nikidhani vitaoza. Baada ya wiki mbili kila kipande kilikuwa mmea kamili, tena wenye watoto.

Tulikuwa tunaishi ndani ya uzio wa seng'enge, si mbali na Quiterajo, katika kijiji ambacho Wareno walikiita aldeamento. Walitukusanya humo, sisi wavuvi wa pwani pamoja na wakulima wa nyanda za juu, ili tusiwalishe wapiganaji wa uhuru waliokuwa msituni. Kisima cha ndani kilikuwa cha chumvi. Maji ya kunywa yalitoka kwenye dimbwi nje ya lango, na dimbwi lilikuwa limevamiwa na gugu hilo linaloelea, linalofanana na kabichi changa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kireno nilijifunza mwenyewe kwenye kitabu cha kilimo kisicho na jalada, na kwa sababu hiyo niliamini kwamba naijua mimea. Nilipenda kila kitu kikae kwa mpangilio, hata viatu vya wageni nilivipanga mlangoni, kushoto kwa kushoto. Dimbwi lililotapakaa kabichi liliniuma kama jino.

Basi nikafanya kosa la pili. Upande wa mashariki niling'oa mayungiyungi yote, kwa kuwa nayo yalikuwa majani juu ya maji. Kivuli kikaondoka, jua likapiga, maji yakawa ya kijani na kuvutika kama mlenda.

Ndipo sajini wa Kireno alipotangaza kwamba chini ya majani yale mpiganaji anaweza kujificha. Kama hataona maji wazi kufikia Jumamosi, atamwaga pipa la dizeli na kuwasha moto.

"Labda wapiganaji wake ni vyura," alisema bibi mmoja wa nyanda za juu, mtani wetu kwa kabila, aliyekuwa na ulimi kama wembe.

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Dizeli ingetuachia chumvi tu ya kunywa, na nusu ya kabichi zile nilizipanda mimi kwa panga langu. Nilikaa na daftari, nikachora dimbwi na kuligawa vyumba thelathini na sita. Bibi akaja kuchungulia.

"Mtani, unachora nyumba ya nani?"

Nikamwambia yote, panga na mayungiyungi pia. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanivuta majini, akapitisha kiganja chini ya kabichi moja, akainyanyua nzima na mizizi yake kama ndevu.

"Hii haina mguu chini. Unaizoa, hukati. Yungiyungi lina mguu kwenye tope, na mguu wenyewe ni chakula. Hilo liache, linayafunika maji yasipate huo mlenda wako."

Kuzoa kwa viganja kungetuchukua mwezi. Nikamkumbuka mjomba, ambaye askari walimpiga marufuku kwenda baharini, na juya lake, wavu mrefu wa kukokota, likining'inia bure ukutani.

"Juya langu livue kabichi?" alifoka mjomba. "Nitaoga maji gani yanitoe aibu hiyo?"

"Mwacheni," alisema bibi. "Watu wa pwani mboga wanaiogopa. Wakiona jani wanatafuta mapezi."

Mjomba alilishusha juya kabla bibi hajamaliza kucheka. Wanaume wa pwani walivuta kamba huku wakiimba kama wanavuta dagaa. Wanawake wa nyanda za juu walipokea mizigo na kuipeleka mbali, kwenye matuta ya mihogo, ikauke huko isirudi na mvua. Walidai ni mara ya kwanza wavuvi kuleta kitu cha maana. Mimi nilizunguka ukingoni na chujio la chai nikiokota vijani vya ukubwa wa kucha. Walinicheka, lakini hakikubaki hata kimoja.

Jumamosi sajini alikuja na pipa lake. Maji yalikuwa wazi, isipokuwa mayungiyungi ya magharibi. Akayaonyesha kidole.

"Na haya?"

Nilijibu kwa Kireno changu cha kitabuni kwamba ni chakula.

"Kula."

Bibi alichutama, akachimbua kiazi kimoja topeni, akakisuuza na kunipa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Nikatafuna. Kilikuwa kichungu, kilinikausha ulimi hadi kooni. Nikatabasamu, nikameza, nikaomba kingine. Sajini akaamuru pipa lirudishwe kambini.

Vumbi la gari lilipotulia, bibi akanigusa bega.

"Lakini mtani, viazi vile huchemshwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekula kwa raha namna ile?"

Tangu vita viishe, uzio umeng'olewa na dimbwi husafishwa kila mwaka baada ya masika, kwa juya. Mimi si msimamizi. Navuta kamba pamoja na wengine, na kuhusu mmea nisioujua nauliza kwanza.