Mwiko ya Choo

Wilkista, sisi humuita Mama Joy, ni fundi wa nguo. Kwao ni Mabanga, huko Bungoma, lakini cherehani yake iko hapa Kitale, kwa veranda ya duka ya vitambaa ya Jaswant. Yunifomu nusu ya hii mtaa ni mkono yake. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa kumi na mbili, na hapo katikati hakuna tone ya maji inapita kwa koo. Mimi nilikuwa nadhani anafunga na kuomba.

Mwezi wa pili alienda matanga nyumbani, akaanguka huko. Mgongo, homa, mkojo rangi ya chai turungi. Dadake Fridah akamkimbiza hospitali Bungoma. Daktari akamwambia figo zimeanza kuumia, asipokunywa maji kutwa nzima, siku ingine ataletwa amebebwa.

Akarudi Kitale na chupa ya lita mbili, akaiweka chini ya cherehani. Mimi ni wa bodaboda, na steji yetu inaangaliana na hiyo veranda. Saa nne, chupa imejaa. Saa nane, imejaa. Siku ya tatu damu ikanipanda. Nikavuka barabara nikamuuliza anataka Joy alelewe na nani.

Hakuinua macho. "Levi, choo iko wapi?"

Nikamwambia si iko nyuma ya steji.

"Na ufunguo?"

Ufunguo hukaa kwa msumari, dukani kwa Jaswant. Hiyo ufunguo ilipotea mara tatu, Jaswant akaifunga kwa mwiko kubwa ya ugali ndio mtu asisahau nayo kwa mfuko. Ukienda choo, mji yote inajua. Na siku ya kwanza Mama Joy kupita nayo, kuna mtu alimwitia: "Fundi, leo unasonga ya watu wangapi?" Steji ilicheka mpaka jioni. Ikakuwa wimbo.

Huyo mtu ni mimi.

"Miaka mbili sijapita hapo," akasema. "Afadhali kiu."

Nikaingia dukani, nikatoa mwiko kwa msumari, nikaivunja na goti. Jaswant akatoka mbio kwa kaunta, akaniuliza kama nimelewa, ati ufunguo ikipotea tena nitalala nje ya hiyo choo nikiichunga. Nikamwambia haitapotea. Nikafunga hiyo ufunguo kwa tepi ya kupimia, ile Mama Joy huvaa shingoni siku nzima.

Nikarudi steji lakini abiria sikubeba. Macho ilikuwa kwa chupa. Saa tisa imeshuka vidole viwili. Saa kumi, nusu. Akasimama, akapita mbele yetu mikono mitupu, na hakuna mtu aliinua kichwa.

Siku hizi jioni ikifika hiyo chupa iko tupu. Shida imebaki moja. Mtu wa steji akitaka choo, lazima aende aombe kwake. Wengine anawafungulia tu ufunguo anawapea. Mimi ananikazia macho kwanza, anangoja steji yote inyamaze.

"Levi, leo unasonga ya watu wangapi?"