Aliyepotea Haandikwi Kaburini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wazee pale Evere, huku ughaibuni, nilipewa koti jeupe lililonibana kwapani nikaambiwa nianze na toilette. Sisi wa Bukavu tukisikia toilette tunafikiria choo, basi nikaenda kutafuta ufagio. Maman Régine, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekuwa msimamizi wa ghorofa yetu, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Papa Bahati! Toilette ni kuosha bazee, haiko kuosha W.C.!"

Ilikuwa miaka ya tisini. Kazi ilikuwa na taratibu zake: unaanza na uso, unamalizia miguu, asiyeweza kujigeuza unamgeuza kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, kisha unaandika yote katika daftari la zamu. Nilijifunza haraka, nasema bila haya. Mikono yangu haikukosea. Kilichokosea ni mdomo.

Chumba cha mwisho alikaa Madame Odile, mwenye miaka themanini na kitu. Juu ya kabati lake ilikuwapo picha ya kaka yake, Lucien, amevaa koti la ngozi. Wakati wa vita kuu ya pili Lucien alitorokea Uingereza, akawa mpiga bunduki wa mkiani katika ndege ya kutupa mabomu, na ndege ikaangukia Bahari ya Kaskazini. Mwili haukuonekana. Kwa miaka hamsini Madame alikataa jina la Lucien lichongwe kwenye kaburi la familia. Sasa, hana mtoto wala ndugu, alikuwa amekubali. Mchonga mawe angekuja Alhamisi kumwonyesha maandishi.

Jumatano, nikimkausha vidole vya miguu, akaniambia, "Kaka yangu, perdu en mer."

Perdu, kwangu, ni kupotea, na en mer ni baharini. Na nyumbani kwetu aliyepotea hafanyiwi matanga, maana kumlilia ni kumfungia njia. Nikamjibu kwa moyo wote: "Kama amepotea, maman, msimwandike kaburini. Atarudi."

Kesho yake Madame akamrudisha mchonga mawe, akaomba kiti chake kigeuzwe, kielekee mlango.

"Uliambia Madame nini?" Maman Régine aliniuliza. Nikamweleza. "Aï, papa! Perdu en mer, donc ni kusema alikufaka! Wende umuambie ulikosea."

Nilikwenda mara tatu. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hizo wangu ulikuwa mzito kama jiwe. Mara ya tatu Madame alinishika mkono. "Usiniombe radhi, Bahati. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia atarudi."

Alifariki mwisho wa baridi, kitini, akiutazama mlango. Mimi ndiye niliyemfanyia toilette ya mwisho. Kaburini walichonga jina lake peke yake, na la Lucien halimo popote.

Nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kosa langu kubwa, nami huwaambia ni Kifaransa. Nawadanganya. Jumatano ile mdogo wangu, Déo, alikuwa na miezi saba hajulikani alipo, tangu tulipoachana msituni tukikimbia vita vya kwetu. Neno perdu nililielewa vizuri. Nilikuwa simjibu Madame, nilikuwa najijibu mwenyewe.

Maman Régine aliwahi kuniuliza tutamfanyia Déo matanga lini. Ukija kwangu leo utaona kiti changu nimekielekeza mlangoni.