Vitambaa kwenye Marakuja ya Tate

Enzi zetu, yaani miaka sita iliyopita, mtoto alikuwa haulizi simu. Alikuwa anauliza mtu mkubwa. Na kama alikuwa na haya kama mimi, hakuuliza mtu yeyote, na mambo yakaharibika polepole. Nina miaka kumi na sita, najua siyo umri wa kusema "enzi zetu". Lakini wale tuliosoma primeri pamoja hapa Shari, mtaa wa Bunia, watanielewa. Tulicheza mpira wa masashe, mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa kamba, tulikula mihogo ya kuchoma njiani tukitoka masomo, na mukubwa akikohoa tulinyamaza. Mdogo wangu Fiston ana miaka tisa, hanyamazii mtu. Haya hana. Anaishi vizuri.

Naandika haya kwa sababu ya marakuja yetu, mmea ule wengine wanaita pasheni. Imepanda lupango yote, uzio unaotutenga na jirani, imemeza kamba ya kuanikia nguo, na wiki hii imefika juu ya mabati ya jikoni. Fiston anasema tuikate na panga, dakika tano. Fiston hajui kitu.

Marakuja hii ilitoka kwetu Djugu. Siku tuliyokimbia kijiji kwa sababu ya vita, baba alibeba matela ya kulalia, mama alimbeba Fiston mgongoni, mimi nilibeba sufuria, na Tate, mama wa baba, alibeba tunda moja la marakuja. Njiani njaa ikamshika, akalila. Mbegu akazifunga kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa. Matela ilikwisha kuoza, sufuria ilitoboka. Marakuja iko.

Kila kiangazi Tate aliipunguza. Mashina mawili manene hayakuguswa. Tawi lililokwisha kuzaa lilikatwa, tawi changa liliachwa, maana marakuja inazaa kwenye tawi jipya. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, basi alipapasa kwa vidole, na kila tawi la kuacha alilifunga kipande cha kitenge cha zamani. Halafu baba alikata yaliyobaki. Mwaka mmoja baba alikuwa Tchomia, ziwani, kutafuta samaki, kisu kikaja kwangu. Nilikuwa na miaka kumi.

"Fuata vitambaa," Tate aliniambia. "Kama haujue, uliza." Akaenda kukaa mbele ya nyumba na mgeni.

Sasa, nyumbani kwetu kitambaa kilikuwa na maana moja tu. Kuku aliyefungwa kitambaa mguuni ndiye wa kuchinjwa siku ya sikukuu. Sikuwahi kuona mtu akimfunga kitambaa kuku wa kubaki. Nilitazama vile vitambaa, nikawaza kuku. Ningeweza kuuliza, lakini mgeni alikuwa muzee wa kanisa, mwenye kravati shingoni, na kupita mbele yake kulinishinda. Nikakata kila tawi lenye kitambaa. Nilikata safi. Hata leo nasema nilikata safi.

Nilielewa nilipotazama chini. Rundo lote lilikuwa kijani kibichi, na kwenye lupango yalibaki matawi makavu kama kamba kuukuu. Kwa hiyo nilifungua vitambaa kimoja kimoja, nikavifunga kwenye yale makavu. Matawi mabichi niliyatupa upande wa pili, kwa mbuzi wa jirani. Waliyamaliza yote. Tate alipokuja alipapasa mafundo tu.

"Muzuri," alisema. "Weye uko mutoto wa kusikia."

Mvua ikaja, marakuja haikuzaa hata moja. Jirani yetu, Mama Kavira, alitoka Butembo, na anaongea na watu akiwa kwake, juu ya lupango. Kila asubuhi aliuliza, "Tate, marakuja yako iko mu grevi, imekataa kazi? Siye tunangojea juis." Mwanzoni Tate alicheka. Baadaye aliacha kucheka. Siku moja tukiwa tunakula alimwambia mama, "Udongo ya Bunia imeikataa. Nitarudia kwetu kukamata mbegu ingine."

"Kule watu wako wanakimbia, mama," mama alisema.

"Sitakaa. Ni kukamata tu na kurudi."

Akakunja kitenge, akakitia ndani ya mfuko. Angeondoka Jumatatu. Mama alisema naye siku tatu, na Tate aliitika kila neno, vile wazee wanaitika wakiwa wamekwisha kukata shauri.

Ugonjwa wa ule udongo nilikuwa mimi. Nilijua, na kinywa hakikufunguka. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilichana karatasi kwenye kaye yangu ya masomo, nikaandika yote, kitambaa, kuku, mbuzi. Nikampa Tate, nikakimbia nyuma ya choo. Jambo moja sikuliwaza: Tate hakusoma. Alipeleka karatasi kwenye lupango.

"Mama Kavira, unisomee."

Mama Kavira hana sauti ndogo. Kartie nzima, nyumba kwa nyumba, ilisikiliza. Alipofika kwa mbuzi alisimama.

"Kumbe ni mbuzi zangu?"

"Soma," Tate alisema.

Nilitoka nyuma ya choo, maana hakukuwa tena na kitu cha kuficha. Tate alikuwa anatoa kitenge mfukoni, anakirudisha kwenye kamba.

"Basi udongo haina kosa," alisema. "Kamata kisu."

Alinisimamisha mbele ya marakuja, akataka niulize kila tawi, kwa sauti, naye akilipapasa kwa vidole. "Tate, hii?" "Kata." "Na hii?" "Acha." Mchana wote. Upande wa pili Mama Kavira alisema, "Ongea na nguvu, siye huku hatusikie." Sijawahi kusema maneno mengi hivyo siku moja, hata baadaye. Mvua zilizofuata marakuja ilizaa mpaka Mama Kavira akachoka na juis.

Leo Tate haoni tena kabisa. Anakaa kwenye kiti karibu na lupango, anasikiliza. Fiston amechukua simu ya baba, amepata video ya mtu anayekata marakuja peke yake, bila Tate, na sasa Fiston ananionyesha kwa kidole ni matawi gani ya kwetu ya kutoa. Hajakosea. Mimi pia nayajua.

Jumamosi nilishika kisu.

"Tate, hii?"

"Acha."

"Na hii?"

"Acha."

Siku hizi anajibu hivyo kwa kila tawi. Fiston akasema lile limekauka, hata mbuzi atalikataa. Niliona kwamba limekauka. Nikaliacha, nikasogea kwa linalofuata, nikauliza.