Naandika sayansi gazetini, ila mama yangu anamwamini mtangazaji wa redio

Wakuu, habari za wikiendi.

Haya yamenitokea mwenyewe na sijayapamba. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Naishi Bukoba mjini, kazi yangu ni kuandika sayansi gazetini kwa lugha ya kawaida. Kwa nini radi inapiga, kwa nini maziwa yanaganda, mambo hayo. Watu nisiowajua wananiita Dokta. Sijawahi kuwakataza.

Mama yuko Ijumbi kule Muleba, kwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na marehemu baba. Ndicho kinachomlisha, na baba kazikwa humo humo.

Mwaka jana mnyauko ukaingia kwa jirani. Mnaoujua mnaujua: majani yanageuka njano, ndizi zinaoza ndani kabla ya kukomaa, na usipouwahi unabaki na kiwanja cha mpira.

Nikapanda gari siku hiyo hiyo. Nikamweleza taratibu kwamba ua la chini ya mkungu avunje kwa kijiti chenye panda, maana wadudu wanaleta ugonjwa pale. Panga aliunguze motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. La jirani asiliazime kabisa.

Mama akaniangalia. "Mwana wange, ulikimbia jembe ukaenda kukaa kwenye kiti. Leo unanifundisha kibanja?"

Akanipa chakula, nikala, nikarudi mjini na PhD yangu ya gazetini.

Kwa hasira nikaandika yale yale kwenye makala. Redio moja ya huku ikayasoma hewani neno kwa neno. Mtangazaji ana sauti nzito, ile ya kusomea matangazo ya vifo. Jina langu akalisahau.

Jumapili baada ya misa, simu ya mama.

"Iwe! Kuna bwana kwenye redio ana akili! Kumbe panga linaunguzwa! Wewe uliyesoma mbona hukuniambia?"

Nikasema samahani mama.

Kibanja cha jirani kiliisha. Cha mama kikapona. Kwa furaha akakata mkungu mkubwa kuliko yote, akanituma nimpelekee yule bwana. Nikaubeba wakuu, begani. Akaupokea vizuri sana, akaniuliza mimi ni dereva wa nani.

Iliniuma, sidanganyi.

Jioni mama akapiga. "Amesemaje?"

Sijui nini kilinijia. Nikajibu, "Ameshukuru sana. Kasema pia dawa za presha usiache, hata ukijisikia mzima."

Mama ana presha, na dawa alikuwa anaziruka kila akijisikia nafuu. Nilishamwandikia makala nzima. Gazeti akalifungia senene wa kukaanga.

Tangu siku ile hajaruka hata kidonge. Sauti yake ina nguvu, anagomba kama zamani, na mimi nafurahi kugombezwa.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nataka anisikilize mimi, wakati shida yangu hasa ilikuwa awe mzima. Sasa kila ushauri naupitisha kwa yule bwana.

Nyie kwa wazazi wenu mnatumia jina la nani? Tiririkeni hapa chini.

Na kama mtangazaji mwenyewe yumo humu, mkuu, sina kinyongo. Ila nakuomba, wiki ijayo soma ile makala yangu ya kupunguza chumvi.